Korosho za Mnyambe Zarudi Ndani ya Kopo

Saa kumi na mbili asubuhi, moshi mzito unatanda nyuma ya nyumba ya Mwanaheri Hamidu, Mnyambe, wilayani Newala. Juu ya mafiga kuna sufuria kuukuu aliyoitoboa matundu kwa msumari. Korosho zinalia, mafuta yanadondoka, moto unaruka. Anazimwaga chini haraka, anazifukia mchanga.

"Ukichelewa kidogo tu, umepata makaa," anasema. Viganja vyake ni vyeusi, vimebabuka kwa mafuta ya maganda.

Wiki mbili zilizopita asingejisumbua hivi. Korosho za kubangua zilikuwa za kutafuna nyumbani. Za kuuza ziliuzwa na maganda yake.

Ndipo siku moja alipakiwa bure kwenye lori, na ratili thelathini za korosho, kwenda Masasi kumwona binti yake Sophia, aliyejifungua. Shida yake nyingine ilikuwa jembe. La nyumbani limelika, limebaki kama kijiko, na mvua zi karibu.

Mnunuzi akamwambia bei imeshuka: senti ishirini na tano kwa ratili, si thelathini na tano kama mwaka jana. Akapata shilingi saba na nusu.

Jembe ni shilingi sita. Lakini mzazi haendewi mikono mitupu, tena mbele ya Mama Shamte, mama mkwe wa Sophia, mwenye mdomo wake! Dukani kwa Fakihi akaona kopo la ratili moja linang'aa, limechorwa ua, maandishi ya Kizungu. Akadhani peremende. Shilingi nne na nusu. Akalichukua, jembe likabaki ukutani.

"Shikamoo mama," Sophia akasema, akalipokea, akalifungua.

Korosho.

Mama Shamte alicheka hadi akashika ubavu. "Mama Sophia, kwani Mnyambe zimekwisha?"

Mwanaheri hakucheka. "Kwa kopo hili nimetoa ratili kumi na nane, nimerudishiwa moja!" Na yeye anajua, jikoni kwake ratili nne zenye maganda hutoa moja safi.

Akarudi dukani.

"Zinakwenda Bara Hindi na maganda yake, mama," Fakihi akamweleza. "Zinabanguliwa huko, zinarudi."

"Na jembe?"

"Uingereza."

"Hii kanga yangu?"

"Japani."

"Basi sisi tunatengeneza nini?"

Fakihi akapangusa meza yake ya duka, pole pole. "Ninyi mnachuma tu, mama."

"Hadi leo neno hilo linaniuma," anasema Mwanaheri. "Kubangua najua tangu sijavunja ungo! Hakuna aliyeniuliza."

Sophia amempa lile kopo tupu. Sasa ndilo kipimo chake. Anakusudia kuuza kopo moja shilingi mbili kwa watu wa hospitali ya Mkomaindo, kule Masasi. Shilingi tatu alibakiwa nazo. Makopo mawili yatalishusha jembe ukutani kabla ya mvua.

"La pili sijui atalinunua nani," anasema, akipeta majivu. "La kwanza ni la Mama Shamte. Kucheka amecheka, sasa alipe."