Kiapo Ambacho Marilag Hakuapa

Bi Choleng wa nyumba ya kona ndiye aliyetuambia kwamba Dada Mining hakufanya kazi za ndani hata siku moja huko Kuwait.

"Kiarabu chake ni cha jela," alisema, mikono yake inachambua mchele kwenye ungo. "Miaka kumi na minane ndani! Halafu mnampelekea mabinti zenu awafundishe."

Mama yangu alimwamini. Kwa hiyo mdogo wangu Marilag alipopata kazi Kuwait, alikatazwa kwenda kibarazani kwa Dada Mining kujifunza lugha na wasichana wenzake. Alilia siku mbili. Mimi sikumtetea. Nilikuwa na mimba ya Amihan na sikutaka kugombana na mtu.

Amihan alipozaliwa ndipo nikaanza kumjua Dada Mining, maana dirisha la chumba ninamonyonyeshea linatazama kibaraza chake. Ni mwanamke mfupi, anapiga pasi kila kitu hadi matambara ya jikoni, na kahawa yake anaitia hiliki, mtaa mzima unanukia. Asubuhi anauza uji wa mchele na utumbo. Saa nane mchana wasichana wanakuja na madaftari.

"Waarabu hawana *p*," anawaambia. "Na sisi Wafilipino *f* inatuteleza. Mtaitwa Filibina, nanyi mtajiita Pilipina, na Mungu atawaelewa wote."

Wanacheka.

"Kesho kwetu ni nini?"

"Bukas!"

"Kwao ni bukra. Mmeona? Msiogope, nusu mnaijua tayari. Lakini mama mwenye nyumba akisema 'aku', usijishike kifua ukadhani anakutaja wewe. Kwetu ako ni mimi. Kwao aku ni 'ipo', na maku ni 'haipo'. Anauliza kama maziwa yapo, wewe unajibu 'Mimi, Mama?' Atakuona punguani."

Nilikuwa nacheka peke yangu dirishani mpaka mtoto anaachia ziwa.

Jumanne ile Marilag alipiga simu mchana, saa ambayo huwa hapigi. Kwao ilikuwa bado asubuhi. Alikuwa analia hata maneno hayatoki.

"Dada, wananipeleka polisi. Kaka yake Mama mwenye nyumba yuko njiani na gari. Wamenipa simu niage."

"Umefanya nini?"

"Pete ya Mama ilipotea. Aliniuliza kama nimeiona. Nikatafuta kila mahali, nikamwambia 'wala', hakuna. Leo wameikuta kwenye kichujio cha mashine ya kufulia, na nguo nilifua mimi. Sikuiona, dada! Sasa anapiga kelele kwamba nimemdanganya Mungu. Mungu kaingiaje?"

Nilimbeba Amihan kiunoni, nikavuka njia bila viatu, simu mkononi bado iko hewani. Wasichana wanne walikuwa wamekaa kibarazani. Niliona haya hata kumtazama Dada Mining usoni, maana alijua kabisa kwa nini Marilag hakuwahi kukaa kwenye benchi lile.

"Dada Mining, samahani. Ni mdogo wangu..."

"Ongea haraka, mtoto. Haya utaona baadaye."

Nikamweleza. Nilipofika pale Marilag alipojibu "wala", alinikatiza.

"Alisema hivyo? Wala?"

"Ndiyo. Hakuna. Si ndivyo tunavyosema kwa lugha yetu?"

"Mara ngapi?"

Nikamuuliza Marilag. "Mara tatu au nne," akajibu huku anavuta kamasi. "Nilisema wala, Mama, wala, wala."

Dada Mining alifumba macho. "Yesu wangu. Kwao linasikika 'wallah'; amemwapia wallahi mara tatu. Marilag, mpe Mama simu. Mwambie kuna mtu mzima anataka kumsalimia."

Sauti ya yule mama ilikuja kali, kama mtu anayefunga milango. Dada Mining hakumkatiza. Alisimama wima akajishika shingo, akaanza polepole na salamu ndefu, akauliza, nadhani, habari za wazazi, maana alikwenda nazo moja moja kama anayepanda ngazi. Sijui Kiarabu, lakini maneno mawili niliyasikia yakienda na kurudi: wala, wallah. Wala, maku. Wallah, halafu anatikisa kichwa, kana kwamba yule mama anamwona.

Nilimbana Amihan mpaka akalalamika.

Halafu simu ikacheka. Kicheko kikubwa cha mwanamke mnene, kikakatika, kikaanza tena. Dada Mining naye akaanza kucheka, anajifuta macho kwa aproni.

"Anasema nini?" nikauliza. "Dada, anasema nini?"

"Subiri... Anasema mwaka mzima huyu msichana anamwapia! Akimuuliza mkate upo, anajibu wallahi. Kuna mtu mlangoni? Wallahi. Alimwambia mama yake mzazi, nimepata Mfilipino mcha Mungu, anaapa hata kwa vitunguu."

Wasichana kwenye benchi waliangua kicheko. Mimi nikakaa chini sakafuni na mtoto wangu.

"Na polisi?"

"Anampigia kaka yake ageuze gari. Anasema pete si kitu, kuteleza kwenye sabuni ni jambo la kawaida. Kilichomuuma ni jina la Mungu."

Marilag alirudishiwa simu. Alipumua, na mimi nikapumua naye.

Wasichana walipoondoka, Dada Mining alinimiminia kahawa ya hiliki. Ndipo aliponiambia mwenyewe, bila kuulizwa.

"Ndani nilikaa. Siku ishirini na sita. Kwa neno hilohilo, na saa ya mkononi iliyokuja kuonekana garini. Kituoni walininyooshea vidole, hiya, hiya. Kumbe wanasema 'ni yeye, ni yeye'. Mimi nasikia lugha yetu: aibu, aibu. Nikadhani kituo kizima kinanizomea. Nilijifunza Kiarabu ili nisisikie tena vile."

"Ulipotoka ulienda wapi?"

"Nyumba ileile. Watoto walikuwa hawajachanwa nywele."

Nikamwomba radhi kwa ajili ya mama yangu, na kwa ajili yangu. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi, akamchukua Amihan mapajani, akamnusa utosini. Akawa anaitazama simu yangu pale mezani.

"Amezungumza vizuri yule mama," akasema. "Ana lafudhi ya watu wa Jahra, kulekule nilikofanya kazi. Miaka sita sijaisikia. Mama niliyemfanyia kazi amefariki, na watoto niliowalea wamebadilisha namba."

Nikamsogezea simu.

"Nawe, Marilag akipiga tena, niite. Hata kama hakuna shida yoyote. Mwambie amuulize Mama kama ana dakika tano. Nataka tu kumsalimia."