Ndizi Mbivu Barabara ya Salaita

Nyanya yangu alizaliwa Taveta, akaolewa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, na huko ndiko alikozeekea. Alipougua alikataa chakula. Uji aliurudisha, mayai hakutaka hata kuyaona. Siku moja akamwambia mama kwamba labda angekula ndizi mbivu za kwao. Mama akanipigia simu, maana mimi nilikuwa kibarua kwenye shamba la ndizi huko Taveta.

Niliazima pikipiki ya kaka yangu. Peke yangu sikuwa nimewahi kupita Salaita. Sasa nilitakiwa kuvuka kaunti nzima, Mwatate, Voi, Maungu, hadi Makwasinyi. Usiku huo nililala kwa kushtukashtuka.

Mdogo wake nyanya alinifungia chane nne kwenye gunia, zimeiva vizuri. Kila mtu Taveta anajua kwamba ndizi mbivu hazipitishwi porini kwa pikipiki, kwa sababu ndovu huzinusa kutoka mbali. Husafirishwa mbichi, zikaivie mbele. Lakini yeye alisema, "Mgonjwa hangoji ndizi ziive," nami nikalifunga gunia kwa kamba nyuma ya pikipiki. Mimi huwa nashindwa kuwajibu watu.

Baada ya Salaita nyumba ziliisha. Nilitazama vichaka zaidi kuliko nilivyotazama barabara. Kabla ya kufika Maktau nikamwona ndovu dume katikati ya lami, masikio yamefunguka. Nilisimama mbali, injini bado inanguruma. Akainua mkonga, akaugeuzia upande wangu. Akaja hatua mbili, kisha ya tatu. Nilitaka kufungua kamba nizitupe zile ndizi, lakini akilini nikamwona nyanya amefumba mdomo mbele ya kijiko, na mikono ikakataa.

Lori likaja nyuma yangu, likasimama ubavuni. Dereva akachungulia.

"Kijana, umebeba nini?"

"Ndizi."

"Mbichi?"

"Mbivu."

Akamtazama ndovu, akanitazama mimi. "Si ungempigia tu simu aje kuzichukua nyumbani."

Nikasema ni za mgonjwa. Ikabidi nirudie kwa sauti zaidi.

"Lete hilo gunia humu ndani. Wewe nifuate nyuma. Utalikuta Voi, kwa mama wa chai, pale malori yanapoegeshwa."

Nikampa. Lori likasonga polepole likinguruma, mimi nimeliganda nyuma kama kupe, mpaka ndovu akaingia vichakani. Mwatate nilisimama kuweka petroli, na lori likapotea.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Sikuwa nimemwuliza dereva jina. Nambari ya gari ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote ule, na sikuisoma. Njia yote hadi Voi nilikuwa nikijaribu kutunga maneno ya kumwambia mama, na hayakutungika.

Voi kulikuwa na malori mengi na vibanda vya chai vingi. Nilivipita vyote mara mbili bila kufungua mdomo. Mara ya tatu nikamwuliza mama mmoja kama ameachiwa ndizi.

"Hapa ni chai na mandazi," akasema.

Nusura niondoke. Mama wa kibanda cha pili akacheka. "Wewe ndiye wa ndovu? Nimekuona ukizunguka hapa, nikasema huyu atauliza lini. Gunia hili hapa. Dereva amekula mbili, anasema ni nauli."

Nilifika Makwasinyi jua likizama. Kabla sijafungua gunia, nyanya aligeuza kichwa kitandani. "Za Taveta hizo," akasema. Alikula nusu ya ndizi moja, akitafuna polepole, mama amegeukia mlangoni asionekane uso. Kisha nyanya akaigusa ile chane iliyopungua.

"Nani amekata mbili hapa?"

Nikamweleza yote, tangu Salaita. Sikumbuki kama niliwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Dereva ana adabu," nyanya akasema. "Ndovu asingebakisha." Akanyoosha mkono kuchukua ile nusu iliyobaki.