Dehna Huni

Siku ya kwanza mimi na Waiyego kujuana, tulipigana. Nilikuwa nimemwaga maji ya sufuria mbele ya bucha yake hapa Huruma, akatoka na kunizaba kofi, mimi Priscah, mama wa watoto watatu! Nikamrukia. Alinikwaruza shingo, nikamng'oa kitambaa pamoja na nywele kidogo. Watu wakatuachanisha. Jioni akaniletea nusu kilo ya matumbo, akasema, "Mama Chela, mkono wako ni mzito. Tusipigane tena." Tangu hapo ni miaka kumi na mmoja, mimi na chapati zangu, yeye na nyama yake, ukuta mmoja.

Msifikiri alizaliwa hivyo. Mwaka wa 2008, kwa vita vya baada ya uchaguzi, alifukuzwa Kiplombe na watu aliokuwa akiwauzia maziwa, na mume wake akauawa kwa mshale langoni pake. Walikuwa watu wa kabila langu, na sitazunguka hilo. Tangu siku hiyo, mtu akimpandishia Waiyego sauti, yeye hutafuta kitu cha kushika. Mlevi mmoja alipigwa naye kwa mguu wa ng'ombe, kwato na yote, akavunjwa pua. Mteja wa kubonyezabonyeza nyama bila kununua alikatwa kidole nusu.

Ndiyo maana tulishangaa alipompenda Wondimu.

Wondimu alikuwa Mwethiopia, mrefu, mpole, aliyetokea kambi ya Kakuma akapata kazi ya kubandua rangi za magari kwa gereji ya nyuma yetu. Kila siku saa saba alinunua robo ya steki na, mtanisamehe, aliila mbichi! Anaichovya kwa pilipili, anatafuna, anafunga macho. Mimi nikitema mate, Waiyego ananiambia, "Wacha mtoto ale." Akimaliza anapunga mkono: "Chaw! Chaw!"

"Chai iko kwa Mama Chela," Waiyego akamjibu siku ya kwanza. "Hapa ni nyama."

Wondimu alicheka mpaka akachuchumaa. Akamweleza kwamba huko ni kuaga. Basi masomo yakaanza, kila siku neno la kuagana, kwa sababu ndiyo saa pekee walikuwa na nafasi, yeye ameshalipa na anaenda. Mwanamume unamwambia dehna hun, yaani kaa salama. Mwanamke, dehna hunyi. Wakiwa wengi, dehna hunu. Mzee wa kuheshimiwa, dehna yihunu. Lakini ulimi wa Waiyego ni wa kwao Murang'a, ambako d haitoki bila n. Dehna ikawa ndena, na hunyi na hunu zikapigana mdomoni, ikatoka huni. "Ndena huni!" Wondimu alimsahihisha wiki nzima, mwishowe akanyoosha mikono. "Sawa, Mama. Wewe sema tu, mimi nasikia."

"Unamwita mtoto wa watu mhuni?" nikamtania.

"Nyamaza. Wewe lugha utajulia wapi?" Alikuwa na furaha, huyo mama. Sijawahi kumwona akimuaga mtu mwingine yeyote.

Sasa ikafika Jumanne moja, saa nne asubuhi. Vijana wawili walimkata Austine, wetu wa boda, kichwani kwa panga na kumnyang'anya pikipiki. Pikipiki ikawazimikia hapo mbele, wakairusha wakaingia vichochoroni. Watu wa boda wakapiga honi, wakakusanyika, wakaja kwa barabara yetu na mawe na nondo wakiuliza, "Wamepita wapi? Wako wawili! Wamepita wapi?"

Wakati huo huo Wondimu na mwenzake wa gereji, Kituyi, walikuwa wanapita mbio mbio na ovaroli zao chafu, wametumwa spea. Waiyego alikuwa anapasua mbavu. Hakuwa amewaona watu wa boda. Aliwaona wale wawili tu, akakumbuka kwamba wengi wana neno lao, akainua mkono ule ule wenye kisu na kupaza sauti yake yote.

"Ndena huni! Ndena huni!"

"Wahuni!" mtu akaitikia nyuma. "Mama wa bucha amewaonyesha! Ni hao!"

Kituyi ni mtoto wa Huruma, alitoka mbio hata hakugeuka. Wondimu alisimama. Alikuwa bado anapunga mkono jiwe la kwanza lilipompata mdomoni.

Sitawapambia. Walimpiga kwa nondo magotini mpaka akaanguka, wakamkanyaga kichwa. Alilia kwa lugha ya kwao, na kila neno lilizidi kuwapandisha, kwamba huyu si wa hapa. Mwingine alishafika na petroli kwa chupa ya soda. Waiyego akaingia na kisu. "Si yeye! Nilikuwa namuaga! Mbwa nyinyi, nilikuwa namuaga!" Alimkata wa petroli mkono mpaka mfupa ukaonekana, chupa ikapasuka chini. Jiwe la ujenzi likamvunja mbavu, naye akaanguka juu ya Wondimu akamfunika. Hapo nami nikabeba karai la mafuta ya chapati na kulimwaga kwa miguu yao. Nilisikia ngozi zao zikichomeka. Sijutii hadi leo.

Wakatawanyika. Tukampakia Wondimu kwa mkokoteni, tukasukuma mpaka hospitali. Ilipofika saa sita daktari akatoka akatuambia ameaga dunia. Woi! Nililia mpaka nikatapika.

Waiyego hakulia. Alikataa kuguswa mbavu. Alikaa kwa benchi na simu ya Wondimu mkononi, kioo kimepasuka. "Ni mdomo wangu," akasema. Nikamwambia ni wale wanyama wa boda. Akanizaba kofi, mbele ya wagonjwa wote. "Usinidanganye!"

Simu ikalia. Juu yake kulikuwa na picha ya mama mzee amejifunika shuka jeupe. Waiyego akaipokea.

"Wondimu? Wondimu?"

Akanitazama. Hakujua kusema hujambo kwa lugha hiyo, wala pole, wala mtoto wako amekufa. Alijua kuagana tu. Akatafuta neno la kumuaga mtu mzima kwa heshima, akalisema polepole, na kwa mara ya kwanza lilitoka sawa.

"Dehna yihunu, Mama."

Mama yule akacheka. Sauti ya mwanamke kwa simu ya mwanawe, tena Kiamhari safi! Nikamsikia akiita watu, milango ikifunguliwa, wanawake wakija wakiuliza, naye akiwaambia. Halafu wakaanza vigelegele, wengi, virefu, vya kumpokea mke wa Wondimu.

Waiyego aliishikilia simu sikioni, akawasikiliza mpaka wakamaliza.