Vitambaa Vitatu vya Lituhi

Shangazi yangu alisema siku nitakayovunja ungo, shule itakuwa imekwisha. Majirani pale Lituhi wakaongeza lao: mtoto wa mvuvi hamalizi kidato cha nne kule juu milimani, baridi itamrudisha. Leo nina stashahada ya ualimu, nimefundisha mikoa mitatu, na nimerudi kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma inayotazama ziwa. Hakuna aliyenibeba. Lakini nikiulizwa wapi nilikaribia kushindwa, sitaji hesabu wala Kiingereza. Nataja vitambaa.

Mama alinifungia vitatu, vya kanga kuukuu, nilipokwenda bwenini Mbinga. Kwetu ziwani vitatu vinatosha. Unafua asubuhi, unaanika juu ya mawe, unatandaza kanga juu yake wanaume wasivione, na kabla ya chakula cha mchana vimekauka. Hata mama hakufikiria kwamba milimani jua ni la kubahatisha.

Nilivunja ungo hukohuko, kipupwe kilipoanza. Nilivifua vitambaa nikavificha nyuma ya kitanda, na siku mbili baadaye vilikuwa bado vinatoa maji. Nikavilalia ili joto la mwili livikaushe. Nikavivaa vibichi, vikanichubua hadi nikatembea kwa shida. Msichana wa kitanda cha juu aliniona.

"Wewe Mnyasa," alisema, "huku si kwenu kwa kuanika usipa, dagaa wenu. Huku hata soksi inaomba likizo."

Wakacheka bweni zima. Kisha huyohuyo akashuka, akanipa vitambaa viwili vya kwake. Rafiki yangu wa kijiji cha Matiri akanipa viwili vingine, na kiranja wa bweni, pedi tatu. Kitambaa cha namna hiyo ukishakivaa hukirudishi. Unamlipa mwenyewe kipya. Nilijua nina deni, na sikuwa na kitu.

Mwezi uliofuata pedi zilikuwa zimekwisha na vitambaa bado havikauki, nikachafua benchi darasani. Nikalala siku tatu nikisingizia malaria. Matroni hakudanganyika, alisema nikikosa masomo tena atamwandikia baba aje anichukue. Baba angekuja, na njia nzima ya kuteremka angekuwa anayakumbuka maneno ya dada yake.

Jumamosi rafiki yangu alinipeleka Matiri kwa bibi yake kuchuma kahawa. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kufika hadi shambani na fedha mkononi, hivyo bibi aliweza kutulipa jioni ileile. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akitazama nilivyotembea kwa shida. Aliniuliza taratibu, nikamweleza yote huku nikichuma.

"Mjukuu wangu," alisema, "hapa usingoje jua. Kamua kitambaa, kisha kipige pasi ya mkaa mpaka kiache kutoa mvuke. Na uwe navyo vingi."

Baada ya Jumamosi nne tuliingia duka moja mjini. Pedi zilikuwa rafu ya juu kabisa, na muuzaji alikuwa amekwisha kukata gazeti la kuzifungia kabla hatujasema neno. Rafiki yangu alininong'oneza nichukue, wasichana wa siku hizi wanavaa hizo. Nilizitamani mno. Nikauliza pakiti ina ngapi, nikaona inatosha mwezi mmoja tu. Nikaomba kitambaa cha flaneli.

"Utabaki mshamba," rafiki yangu alisema.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na ninajisifu hadi leo kwa hesabu ile, maana watu wazima wengi hawaiwezi. Nilikata vipande kumi na sita, nikavipinda kwa mkono. Jumapili, wenzangu walipokuwa wakipiga pasi sare, nami niliingia kwenye foleni, vitambaa nimevikunja ndani ya sketi.

Pedi hulipwa kwa pedi. Nilichuma Jumamosi mbili zaidi, na Jumapili nikalirudia duka lile kununua pakiti.

Jioni hiyo niliwalipa wote watatu, mmoja mmoja, bafuni, tukiwa tumejifunga kanga. Wa kitanda cha juu alivipokea viwili vyake akavinusa, akasema vinanukia mkaa. Rafiki yangu alivikunja, akanishika mkono. Kiranja alinirudishia pedi.

"Kaa nazo, mdogo wangu. Sikukukopesha."

"Nina vitambaa vyangu, dada," nilimwambia. Nikamwachia mkononi. Nilikuwa katika siku zangu, siku ya pili, na kesho yake asubuhi nilikuwa na somo la jiografia.