Ngoma Ambayo Haikuwepo

Sifa za redio zilitugharimu mtu mmoja: Mutisya, mpiga ridhimu. Nimepiga hesabu mara mbili na jibu ni lile lile. Mpaka leo nikisikia mtu anasifu muziki asioujua, hasira inanipanda.

Siku yangu ya kwanza kikundini ilikuwa sokoni Kanyangi, nilikokuwa nikiuza ng'ombe, miaka ya sitini ikielekea kuisha. Kiongozi wa kikundi, mwalimu wa shule ya msingi, alinipa gitaa la besi lililofungwa waya wa breki ya baiskeli. "Wewe unajua kubishana bei," akasema. "Utapiga besi na ututafutie harusi."

Tulikuwa wanne, wote wa nyuzi: solo, sekondi, ridhimu na besi. Ngoma hatukuwa nayo. Kanisa letu lilisema ngoma ni ya kilumi, ya kupandisha mapepo, na aliyeishika alitengwa. Basi Mutisya akakunja kipande cha leso, akakisukuma chini ya nyuzi pale zinapofungwa, akazipiga kwa kiganja. Zikalia du, du-ka, du. Kwenye harusi moja Kasikeu akina mama waliinama kuchungulia chini ya meza.

"Aiya, Mutisya, ngoma umeimeza?"

"Huku tumboni kuna muthokoi tu wa mahindi na maharagwe, mama."

Tukaenda Nairobi kurekodi. Maikrofoni ilikuwa moja, na Mtayarishaji wa santuri alitupanga kwa kutusukuma mabega: "Wewe wa kitambaa, sogea mbele!" Santuri ikatoka.

Tulikuwa hotelini Makindu, tunakunywa chai, Mtangazaji alipoisifu hewani. Nyuzi ni tamu, akasema, lakini mfalme wa santuri hii ni mpiga ngoma. Ukambani hakujatokea mkono kama huo. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mutisya hakucheka.

"Mchungaji pia ana redio," akasema.

Wazee wa kanisa walimwita wiki hiyo hiyo. Sisi watatu tulimsindikiza.

"Ngoma iko wapi?" Mwenyekiti wao akauliza.

Mutisya akatoa gitaa na kitambaa, akawapigia. Nilimwona Mwenyekiti kwa macho yangu, kiatu chake kinafuata mdundo.

"Hakuna ngoma, baba. Ni hii tu."

"Redio iseme ngoma, wewe useme leso? Watu wa redio wamesoma!"

Jumapili jina lake likasomwa mimbarini: ametengwa. Sisi wengine tuliachwa, kwa sababu redio haikutusifu vya kutosha. Mwaka huo mama yake Mutisya akafariki, mama aliyefagia kanisa lile tangu likiwa la nyasi. Hakuna mwanakwaya aliyekuja kumwimbia, kwa kuwa mwanawe alikuwa ametengwa. Mutisya alimzika na majirani, akatundika gitaa ukutani.

Nilipanda basi nikamfuata Mtangazaji ofisini kwake. Nimewahi kushusha bei ya fahali mbele ya mwenyewe akilia, lakini yule bwana sikumweza.

"Sema hewani ulikosea," nikamwambia.

"Nimewapa sifa, bwana. Wenzenu wananibembeleza. Mnataka nini tena?"

Kwa santuri ya pili Mtayarishaji alituwekea mpiga ngoma wa kukodi, asiye wa kanisa letu, mwenye ngoma za kweli. Mtangazaji yule yule akasema mpiga ngoma wetu siku hizi amezembea. Nilizima redio nikatoka nje, la sivyo ningeipiga teke.

Tuliendelea na harusi na harambee mpaka miaka ya tisini, vidole vikakataa, nikastaafu. Vijana, kazi ile ilikuwa nzuri. Pigeni gitaa. Lakini anayewasifu, mwulizeni kwanza amesikia nini.

Sasa kanisa lina seti nzima ya ngoma. Tuliichangia sote, mimi pia. Mchungaji mpya anataka nimlete Mutisya kwenye sherehe ya kanisa, apewe cheti cha sifa. Nilimpelekea habari shambani. Hakuacha kulima.

"Sifa nimeshiba," akasema.

Kwa hivyo, Mchungaji, baki na cheti chako. Panda mimbarini Jumapili hii, usome jina la Mutisya kama lilivyosomwa siku ile, useme hakukuwa na ngoma. Kisha uipeleke kwaya kaburini kwa mama yake. Wanadaiwa wimbo.