Tangi la Kioo na Ukungu Wake

Naona kinyaa hata kuandika haya. Tangi lile la samaki nililinunua kwa mtumishi mmoja aliyehamishwa kutoka Dodoma. Lilikuwa limeachwa uani na samaki ndani, maji yakakaukia humo humo. Nilipolifikisha nyumbani Ihumwa na kulifunua, nilitema mate mara tatu.

Chini kulikuwa na tope jeusi, magamba ya konokono, na samaki mmoja mkavu aliyegandamana na kioo, jicho limeliwa na wadudu. Kona zimeota ukungu, pande zote zimeshika ukoko mweupe wa maji yetu ya chumvi, na kioo kimoja kimeachia. Mtu mwenye akili timamu angelitupa.

Lakini ndani nilikuwa na mama. Baba alipofariki nilimchukua kutoka Kondoa, na tangu hapo anakaa akitazama ukuta, begi lake hajalifungua. Kila wiki anasema Ijumaa anapanda basi, arudi kuishi peke yake kwenye nyumba inayovuja. Mara moja tu nilimwona akicheka, hospitalini, mbele ya tangi la samaki, tulipokuwa tunasubiri dawa. Ndiyo maana nililitaka hilo tangi.

Nilikwangua kwa wembe siku nzima, nimejifunga khanga puani. Gundi kuukuu ilitoka vipande vipande, laini, nyeusi, inaingia chini ya kucha. Chakula cha jioni kilinishinda. Nikasugua ukoko kwa siki na ndimu, nikapaka gundi mpya ya silikoni, nikaliweka sebuleni vumbi lisilishike.

"Mama, usiliguse siku tatu, likauke."

Alilitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo cha stendi.

Kesho yake, nikiwa kazini, bomba likatoa maji baada ya siku tano. Anayeishi Dodoma anajua: siku hiyo hujazi ndoo tu, unajaza kila kinachoshika maji. Mama alijaza mapipa, madumu, masufuria, hadi kikombe cha mswaki. Kisha akaona tangi liko tupu.

Nilimkuta amepiga magoti sebuleni, anakamulia tambara kwenye ndoo. Kioo kimeachia tena, zulia limelowa chapachapa, na ile harufu ya uozo imejaa nyumba nzima.

"Mama, nilikwambiaje?"

"Maji yametoka, mwanangu. Chombo kikae kitupu?"

"Basi nenda huko Kondoa! Nimechoka!"

Nilimtamkia hivyo mama yangu mzazi. Ukungu wote ule haukunichefua kama mdomo wangu.

Aliingiza kidole kwenye kona ya tangi, akatoa donge jeusi, akalinusa, uso ukamkunjamana.

"Na wewe unasema umesafisha? Hebu ona uchafu huu. Huku hukugusa kabisa." Akanyoosha mkono. "Lete wembe."

Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikijua basi la Kondoa limeshaondoka. Nilisimama getini kidogo, naogopa kuingia.

Alikuwa barazani, kajifunga puani khanga niliyoiona mwisho siku anafunga begi lake Kondoa. Anakwangua, anaguna, anatema mate pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita kule, usinikanyagie. Sijamaliza." Akainua wembe kunionyesha kilichonasa. "Watu wachafu hawa, jamani! Wachafu!"

Sijamwona na raha kama ile tangu tumzike baba.