Maneno ya Bibi Niliyoyageuza

Kampuni za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa kutafuta madini, mimi nilikuwa binti niliyemaliza kidato cha sita na kukaa Korogwe miezi mingi bila kazi. Kampuni moja ya kigeni ilipiga kambi upande wa Handeni, ikawa inatafuta mtu anayejua Kiingereza, Kizigua na Kishambaa. Nikaenda. Kwenye usaili nilisema nimezaliwa na kukulia mjini, na kwamba baba yangu ni afisa wa reli. Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Mimi mwenyewe nililelewa na mama yake, kule Mpale, mpaka nilipofika darasa la nne.

Walinichukua. Siku hiyo hiyo nilinunua suruali ya jinzi ya mtumba, ya kwanza maishani mwangu, nikaanza kuzunguka na wataalamu wawili wa miamba. Mmoja alikuwa mzungu, mwingine Mtanzania mwenzetu kutoka Dar es Salaam, mtu mzima, mpole, ambaye kila alipopata nafasi alinifundisha. Siku moja tulisimamisha gari barabarani, milima ikiwa imesimama mbele yetu kama ukuta. Nikamuuliza kwa nini wanajisumbua sana na nyufa za ardhi wakati wanatafuta madini.

"Madini mara nyingi hufuata nyufa," alisema. "Lakini ufa una mambo yake mengine. Chini huko mwamba umekatika. Pande mbili zinasukumana, ila haziendi, zimekwama kwa sababu zinakwaruzana. Zinajikaza miaka na miaka, mwamba unapinda kidogo kidogo. Siku zikishindwa kushikana zinateleza ghafla, na mtikisiko wake ndio huo mnaouita tetemeko. Zikishateleza zinakwama tena, zinaanza upya."

"Na mtu atajuaje ufa ulipo?"

"Uliza wazee. Upande mmoja ukishuka au ukisogea, wakati mwingine alama hubaki juu. Njia iliyokatika, ukuta, mfereji. Ukisikia habari ya namna hiyo, niambie haraka."

Nilielewa vizuri. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Wiki iliyofuata tukaenda Mpale. Nilijitahidi kuwapeleka vitongoji vingine, lakini ramani yao iliwaelekeza kwenye mteremko ule ule niliokuwa nikichezea utotoni. Bibi alikuwa anapalilia maharage, peku, kaniki yake imechanika begani. Aliniona kabla sijafikiri la kufanya. Akatupa jembe, akaja akiita kwa Kishambaa, "Mjukuu wangu! Mjukuu wangu!"

"Shikamoo, bibi," nilisema kwa Kiswahili, nimesimama palepale, kama anavyoamkiwa mzee yeyote njiani.

Mtaalamu wa Dar naye akamwamkia, akamwomba atusimulie kama amewahi kuona ardhi ikitikisika. Bibi alijua Kiswahili, ila habari ndefu alizisimulia kwa Kishambaa. Alisema kwamba kabla hajaolewa, asubuhi moja, ardhi ilinguruma, kuta za nyumba zikapasuka, mbuzi wakakata kamba. Kulipotulia, baba yake akaenda kuangalia mfereji wa kumwagilia. Maji yalikuwa yanamwagika katikati ya shamba. Sehemu ya chini ya mfereji ilikuwa imeshuka kiasi cha shubiri moja, na kutoka hapo ufa ulikwenda moja kwa moja, ukapita mpaka shamba la jirani. Alinyoosha mkono. "Palepale pameshuka mpaka leo. Njooni niwaonyeshe."

Hayo ndiyo waliyokuwa wakiyatafuta. Lakini kufika pale kulimaanisha kupita uani kwa bibi, na uani wangekuwepo shangazi na watoto wake, na kila mmoja angeniita kwa jina langu la nyumbani.

"Anasemaje?" aliuliza mtaalamu.

"Anasema mizimu ilikasirika, ikaitikisa milima," nilijibu kwa Kiswahili. Kisha nikarudia kwa Kiingereza. Mzungu akacheka, akafunga daftari lake.

Mtaalamu wa Dar hakucheka. Alitutazama sote wawili. "Huyu bibi unafahamiana naye?"

"Hapana, mzee. Huku kila mtoto huitwa mjukuu."

Bibi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alisikia vyote, na angeweza kunikanusha kwa Kiswahili safi. Alinitazama suruali, akanitazama viatu, akainama kuokota jembe lake.

"Haya, dada," aliniambia kwa Kiswahili. "Safari njema na wageni wako."

Hakuwahi kuniita dada. Nilipanda gari. Njia nzima nilijibu maswali ya watu nikitazama nje.

Kampuni ile haikumaliza mwaka, ilivunja kambi ikaondoka. Mimi nilichukua ualimu. Ilinichukua miaka miwili kupanda tena Mpale, na nilipopanda nilivaa gauni na kitenge. Nilipiga magoti mlangoni kwa bibi nikaanza kusema. Akanikatisha.

"Nilikuona unatafuta riziki," alisema. "Ningesema neno, wangekufukuza palepale."

"Nilikukana, bibi."

"Ulinikana. Lile la mizimu ndilo lililoniuma zaidi. Mimi niliwaambia habari ya maji, nawe ukanifanya mjinga."

Nilimwomba anipeleke mfereji ulipokatika. Alisema jirani amesawazisha pale, amepanda kabichi za kuuza mjini. Nilikwenda hata hivyo, nikazunguka kati ya matuta, nikaona udongo mweusi tu. Nilimwandikia yule mtaalamu barua, nikaeleza yote, na nani aliyedanganya. Haikujibiwa. Huenda lilikuwa tetemeko lililozaliwa na ufa wenyewe, huenda ni mteremko tu uliotitia baada ya kutikiswa kutoka mbali. Ingebidi wachimbe ndipo wajue, na siku ile vifaa vya kuchimbia vilikuwa garini.

Bibi aliendelea kunipokea, akanipikia, akaniuliza habari za watoto wa shule. Lakini habari ndefu, kwa Kishambaa, hakunisimulia tena.